Kijiji kushika mradi wake wa maji: mwongozo kwa vijiji vinavyozunguka Bukavu

Mwongozo huu unawahusu wakaaji wa vijiji vya Kabare, Walungu, Kalehe na Idjwi, katika Kivu Kusini nchini Kongo, pamoja na wahamasishaji wanaotoka Bukavu kwenda kufanya kazi nao, ambao wanataka kuleta maji safi kwa njia ya mteremko, yaani maji yanayotoka kwenye chemchemi ya mlimani na kushuka yenyewe kupitia mabomba hadi kwenye robine za umma. Tumechagua maji kwa sababu ni hitaji linalotajwa sana katika milima yetu, na pia kwa sababu mradi wa maji haufichi siri. Robine ikikauka mwaka mmoja baada ya uzinduzi, na hakuna mtu kijijini anayejua nani ana ufunguo wa tangi, kila mpita njia anaona kwamba wakaaji walitumiwa bila kushirikishwa. Hatua nyingi zilizo hapa zinafaa vilevile kwa barabara ya shamba, ghala la mavuno au jengo la kituo cha afya.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba katika mwongozo huu mtu anahesabiwa ameshiriki pale tu alipokuwa na nafasi ya kukataa, ya kuchagua na ya kukagua hesabu. Kubeba mawe na mchanga ni mchango wa maana, lakini hakutoshi. Wazee wetu wanaikumbuka salongo ya miaka ya 1970, wakati kazi ya jamii ilipokuwa amri ya utawala wa Mobutu, na wengine walisimuliwa na baba zao habari za kazi za lazima wakati wa Wabelgiji. Mhamasishaji anayefika na koleo kabla ya kufika na swali anaamsha kumbukumbu hizo, hata kama watu wanampokea kwa tabasamu na kumpa kiti.

Hatua ya kwanza: jueni ni nani wanaoitwa kijiji

Anzeni kwa kumwona chifu wa kijiji na chifu wa grupma, yaani kundi la vijiji, kwa maana hakuna mkutano unaofanikiwa Bushi au Buhavu, nchi za Washi na Wahavu, bila wao kujua. Lakini msiishie hapo. Chifu akisema «kijiji kimekubali», mara nyingi maana yake ni kwamba yeye na bashamuka, yaani wakuu wa familia, wamekubali. Waulizeni pia mama wanaouza sokoni, viongozi wa likirimba (vikundi vya kuchangiana pesa kwa zamu), katekista na mchungaji, mwalimu mkuu, wajumbe wa kamati ya afya ya eneo, na vijana wanaoendesha pikipiki. Kila mmoja wao anajua familia ambazo wengine hawazitaji.

Kisha andikeni orodha ya nyumba zote, mlima kwa mlima, mkipita kwa miguu. Kazi hii inachukua siku kadhaa na inachosha, hata hivyo msiikwepe kwa kutumia orodha ya zamani ya chanjo au ya ugawaji wa misaada, kwa sababu watakaokosekana humo ndio walewale wanaokosekana kila mara: wajane wanaoishi kwenye shamba la shemeji, wakimbizi wa ndani waliopokelewa na ndugu zao, watu wasio na ardhi, na familia za Batwa. Kandokando ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, wako Batwa ambao wazazi wao waliondolewa msituni na ambao mpaka leo hukaa pembezoni mwa vijiji, nje ya mikutano na nje ya kamati. Mkiwasahau kwenye orodha, bomba litawapita pia.

Hatua ya pili: mkutano wa kwanza na ramani ya udongo

Mkutano usipangwe siku ya soko wala asubuhi ya kulima. Tangazo litolewe makanisani na misikitini, na lirudiwe kwenye foleni ya chemchemi, kwa kuwa huko ndiko wanakopatikana wale ambao mradi unawagusa kwanza: mama na wasichana.

Katika mkutano wenyewe, msifungue kwa hotuba kuhusu mfadhili. Ombeni watu wachore kijiji chao chini, kwa majivu na vijiti: barabara, kanisa, shule, mito, chemchemi, mashamba ya mikaratusi. Kila nyumba iwekewe punje moja ya maharage. Mtaona jambo hili likitokea karibu kila mahali: wanaume wanachora barabara na mipaka, wakibishana juu ya shamba la nani linaishia wapi, na mama wamekaa nyuma wakinong'onezana. Wapeni mama sehemu yao ya uwanja wachore ramani yao wenyewe, kisha linganisheni. Ramani ya mama huonyesha chemchemi ambazo wanaume hawakuziweka, ile inayokauka mwezi wa Julai, ile ambayo msichana haendi peke yake jioni, na ile ambayo maji yake yanafanya sabuni isitoe povu. Nakilini ramani zote mbili kwenye karatasi kubwa kabla mvua au kuku hawajazifuta.

Hapo ndipo muulize swali la msingi: je, maji ndiyo hitaji la kwanza? Kama wengi wanasema daraja ni la haraka zaidi kwa sababu mwaka jana mtoto alichukuliwa na mto, basi mradi wa maji usubiri, hata kama mfadhili ana bajeti ya maji peke yake. Tunajua ushauri huu hauwafurahishi wanaotakiwa kumaliza fedha kabla ya Desemba.

Neno moja kuhusu «transport», yaani ile pesa inayogawiwa mwishoni mwa mikutano. Mtu aliyetoka mbali arudishiwe nauli yake, hilo ni haki. Lakini mkaaji asilipwe kwa kuhudhuria mkutano wa kijiji chake, kwa kuwa siku mfadhili atakapoondoka, mikutano itakufa pamoja na bahasha, na kamati haitapata hata watu wa kusikiliza hesabu.

Hatua ya tatu: kupima chemchemi mbele ya watu

Kipimo cha wingi wa maji kifanywe mwishoni mwa kiangazi, yaani mwezi wa Agosti au mwanzoni mwa Septemba kabla mvua haijarudi. Chemchemi inayopimwa mwezi wa Aprili huonekana kubwa, na hesabu yake itawadanganya.

Kazi hii si ya injinia peke yake. Chukueni bidoni la lita 20, elekezeni maji yote ya chemchemi kwenye kipande kimoja cha bomba kwa kuziba pembeni kwa udongo wa mfinyanzi, na mtu mmoja ashike simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Rudieni mara tano na mchukue wastani. Tuseme bidoni linajaa kwa sekunde 40. Hiyo ni nusu lita kila sekunde, au lita 43.200 kwa siku nzima. Kwa lita 20 kwa kila mtu kwa siku, maji hayo yanatosha watu 2.160. Kwa kuwa watoto wanazaliwa na watu wanahamia, kijiji chenye watu 1.500 leo kinaweza kuendelea na mradi kwa amani, lakini chenye watu 3.000 kitafute chemchemi ya pili au kipunguze matarajio yake waziwazi. Maji ya usiku yasipohifadhiwa hupotea: kati ya saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri, chemchemi hiyohiyo hutoa lita 18.000, na hapo ndipo ukubwa wa tangi unapopatikana.

Mnapofanya hesabu hiyo kwa sauti, mbele ya watu, mnawapa silaha. Baadaye mtu mkubwa akitaka bomba la pekee hadi nyumbani kwake, hata mtoto wa darasa la sita ataweza kumwambia ni watu wangapi watakosa maji kwa ajili yake.

Wakati huohuo ielezwe wazi kwamba yako mambo yasiyopigiwa kura. Kila mita 10 za mteremko huongeza takriban ba 1 ya msukumo ndani ya bomba, na bomba linalohimili ba 10 linaweza kupasuka likishushwa zaidi ya mita 100 bila tangi dogo la kuvunja nguvu ya maji. Mahali pa tangi hilo huamuliwa na mlima. Vilevile njia ya bomba isipitishwe kwenye makorongo yanayoporomoka, na hapa hatuhitaji kukumbushana sana yaliyotokea Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, mwezi wa Mei 2023, ambapo mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua mamia ya watu. Kijiji kina haki ya kuamua robine zikae wapi, ngapi, na zifunguliwe saa ngapi. Kama kipimo, mashirika ya misaada hutumia viwango vya Sphere: watu wasiozidi 250 kwa robine moja, na nyumba isiyozidi umbali wa mita 500.

Hatua ya nne: ardhi ya chemchemi

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayouma zaidi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi yote ni mali ya taifa, lakini mlimani mambo yanaendeshwa kwa desturi. Familia inayolima kando ya chemchemi huenda inashika shamba kwa kalinzi, iliyolipwa ng'ombe tangu wakati wa babu, au ilinunua kwa bugule, au inalima kwa bwasa ya msimu tu na mwenye shamba yuko Bukavu au Kinshasa. Ni lazima mjue ni ipi kati ya hizo, kwa sababu aliye na bwasa hana mamlaka ya kuwapa ardhi hata akiwaitikia kwa moyo wote.

Wanaohitajika mezani ni hawa: mwenye shamba na mke wake, watoto wake waliokomaa, majirani wa mipaka yote, chifu wa kijiji, chifu wa grupma na mashahidi wa pande zote. Zungukeni mpaka wa eneo la chemchemi kwa miguu, mkipanda alama zinazojulikana, na andikeni vipimo. Eneo la juu ya chemchemi lazima libaki bila vyoo, bila mifugo na bila kulimwa, na mikaratusi iliyomo iondolewe kwa kuwa inakunywa maji mengi. Badala yake pandeni majani ya tembo au setaria ya kushika udongo. Mwenye shamba anapoteza kitu hapo, tena kitu kikubwa kwa familia yenye ardhi ndogo. Msimwombe atoe sadaka kwa ajili ya kijiji. Fidia ijadiliwe: pesa, shamba lingine, robine karibu na nyumba yake, haki ya kukata majani ya mifugo katika eneo hilo, au kazi ya ulinzi yenye malipo. Kisha hati iandikwe kwa Kiswahili au Kifaransa, isomwe kwa sauti kwa Mashi au Kihavu, isainiwe au kutiwa kidole, na nakala zibaki kwa familia, kwa kamati, kwa grupma na kwenye ofisi ya usultani, yaani utawala wa kimila ulio juu ya grupma.

Mke na watoto wakiachwa nje ya hati, kijana mmoja atarudi baada ya baba kufariki, atasema hakuuza mtu, na atakata bomba. Hatakuwa na kosa lote peke yake.

Hatua ya tano: kuchagua kamati

Kamati ya watu saba au tisa inatosha. Chifu awe mlezi, asiwe mwenyekiti wala mshika sanduku, kwa sababu hakuna atakayethubutu kumwuliza risiti. Wanawake wasipungue nusu, na angalau mmoja wao ashike nafasi ya fedha. Katiba ya nchi, kwenye kifungu cha 14, inatambua usawa wa wanawake na wanaume katika taasisi, lakini sababu ya hapa ni ya karibu zaidi: robine ikiharibika, wao ndio wanaorudi mtoni siku hiyohiyo.

Uchaguzi wa kunyoosha mikono mbele ya wakubwa si uchaguzi. Wagombea wasimame wakitazama mbali, kila mmoja na kikapu nyuma yake, na kila mpiga kura apite na punje yake ya mahindi akiwa ameikunjia kiganjani. Punje zihesabiwe hadharani. Muda wa kamati uwekwe, kwa mfano miaka miwili, pamoja na njia ya kumwondoa mjumbe kabla ya muda kwisha.

Hatua ya sita: makubaliano ya maandishi

Kijiji na grupma havina utu wa kisheria, yaani sheria haivitambui kama mtu anayeweza kusaini mkataba. Kwa mujibu wa sheria ya 7 Oktoba 2008 kuhusu maeneo yenye madaraka, usultani ndio ulio nao, kwa hiyo makubaliano na shirika lolote yasainiwe na kamati, grupma na usultani kwa pamoja. Sheria ya maji ya 31 Desemba 2015 iliondoa ukiritimba wa REGIDESO, shirika la maji la serikali, na kamati inayotaka kutambuliwa rasmi inaweza kujiandikisha kama shirika lisilo la faida chini ya sheria ya 20 Julai 2001. Pitieni pia ofisi ya serikali inayoshughulikia maji vijijini, pamoja na ofisi ya zone ya afya, ambayo itawasaidia kupima usafi wa maji.

Ombeni mfadhili aoneshe bajeti nzima: mabomba, saruji, usafiri, mishahara na gharama za ofisi. Akikataa, muulizeni ni kwa nini kijiji kinaombwa kutaja mchango wake hadi ndoo ya mwisho ya mchanga.

Hatua ya saba: kazi

Mitaro ichimbwe kati ya Juni na Agosti, wakati udongo ni mkavu na mashamba yamepumzika. Kina kiwe sentimita 80 hadi mita moja, maana bomba lililo juujuu hukatwa na jembe. Mtaro wa kilomita tatu ukigawiwa nyumba 300, kila nyumba inapata mita kumi. Zigawiwe kwa kupiga kura ya vijiti ili penye mwamba pasiwaangukie wanyonge. Mgonjwa, mzee asiye na watoto na mama aliyejifungua wasamehewe kwa uamuzi wa mkutano, bila kulipishwa. Fundi wa uashi na fundi bomba walipwe, na vijana wawili wa kijiji, mvulana na msichana, wafanye kazi chini yao tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Gari la mabomba likifika kutoka Bukavu, kamati ihesabu kila kipande kabla ya kutia saini.

Hatua ya nane: fedha baada ya uzinduzi

Siku ya uzinduzi kuna ngoma, kasiksi (pombe ya ndizi) na hotuba. Baada ya hapo kuna gharama, na kijiji lazima kiwe kimeamua juu yake kabla ya mtaro wa kwanza kuchimbwa. Tuseme nyumba 300 zinakubaliana kulipa faranga 1.000 kila mwezi. Hiyo ni 300.000 kwenye karatasi. Hesabuni kwa theluthi mbili tu, yaani 200.000, kwa kuwa wengine hawatalipa, na wengine hawawezi katika miezi ya njaa kabla ya kuvuna maharage. Ndani ya 200.000 hizo toeni malipo ya fundi wa kijiji na mlinzi wa chemchemi, vipuri vya robine, na akiba ya matengenezo makubwa ambayo haiguswi bila mkutano mkuu. Vijiji vingine hupendelea kulipisha kwa bidoni. Njia hiyo huingiza pesa haraka, lakini humrudisha maskini mtoni, na huko ndiko kipindupindu kinakomsubiri. Sisi tunashauri malipo ya mwezi kwa nyumba, pamoja na orodha fupi ya nyumba zilizosamehewa, iliyokubaliwa mkutanoni na kupitiwa upya kila mwaka.

Kuhusu mahali pa kuweka fedha, kufungwa kwa benki za Bukavu mwanzoni mwa 2025 kulionyesha kwamba kitabu cha benki peke yake hakitoshi. Njia ya vikundi vya akiba inafaa: sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu wasio ndugu, na sanduku lenyewe kwa mtu wa nne. Kiasi kinachobaki humo kiwe kidogo, kwa maana sanduku lililojaa huwaletea wageni wa usiku, na sehemu nyingine ihifadhiwe kwenye simu kwa laini iliyoandikishwa kwa jina la mweka hazina, huku nambari ya siri ikigawanywa kati ya wajumbe wawili, kila mmoja akijua nusu yake.

Kila malipo yawe na risiti yenye nakala. Kila mwisho wa mwezi, ukurasa mmoja ubandikwe kwenye ukuta wa shule au kituo cha afya: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na majina ya wanaodaiwa, likiwemo la chifu kama anadaiwa. Kwa wasiosoma, usomwe kwa sauti kwenye robine. Kamati iliyozoea kubandika ukurasa huo haina haja ya kujitetea sana.

Hatua ya tisa: kuagana na shirika

Kabla shirika halijafunga ofisi, lidaini mambo haya kwa maandishi: mchoro wa njia ya mabomba unaoonyesha kila kiungo na kila valvu, vipimo vya mabomba, funguo zote za tangi, vifaa vya fundi, majibu ya kipimo cha maji, na orodha ya maduka ya Bukavu yanayouza viungo vya ukubwa huo. Wale vijana wawili wafungue na kufunga valvu zote wenyewe, wabadilishe robine moja na waoshe tangi, injinia akiwa amesimama pembeni bila kugusa kitu. Kama hawawezi, tarehe ya kuagana isogezwe. Nakala ya mchoro iwekwe kwa kamati, nyingine kwenye ofisi ya usultani, na ya tatu kwa mwana kijiji anayeishi mjini, ili vita au moto ukipita mlimani, mtu bado ajue bomba limelala wapi.